Papa Asiyeonekana

Leo tutazungumza juu ya sinema. Kwanza mtu huandika mchezo wote: maneno na matendo. Kisha mwongozaji huamua mtazamaji aone nini. Hizo ni kazi mbili mbalimbali.

Chukueni mfano wa Jaws, sinema ya Marekani iliyotolewa mwaka 1975. Ni habari za papa mla watu. Mpango wa kwanza ulikuwa papa aonekane mapema. Basi akaundwa papa wa mitambo, akatiwa baharini, na maji ya chumvi yakaharibu mitambo yake. Mwongozaji, Steven Spielberg, angefanyaje? Fedha zilikuwa zikiteketea. Akaamua kumficha. Msichana anaogelea usiku. Ghafula anavutwa chini. Nani amemvuta? Hatuoni. Baadaye twaona mapipa ya manjano yakikimbia juu ya maji, nasi twajua nani anayakokota. Watazamaji wakaogopa mno. (Yule papa mwenyewe, ukimtazama sana, waweza kucheka.)

Sasa chukueni madaftari. Mwandishi ameandika: "Simba aingia kijijini usiku." Ninyi ndio waongozaji, na simba hamna. Mtazamaji ataona nini? Atasikia nini? Andikeni mistari mitatu.