Masikio ya Watoto Wetu



Katika sikukuu hii ya Jubilei twamshukuru Mungu kwa makanisa, shule na zahanati alizotujalia. Nasi tumepewa kusema juu ya masikio ya watoto. Jambo hili si geni kwa kazi yetu, maana neno tufundishalo hupita sikioni kabla ya kuingia moyoni.

Yuko mtoto akaaye nyuma darasani. Aitwapo haitiki, aulizwapo, hujibu lisiloulizwa. Watu humwita mkaidi. Lakini msogeleeni mkamtazame: huenda sikio lake latoa usaha, na wenziwe wamkimbia kwa harufu. Huyo si mkaidi, hasikii.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza kwa mafua. Kuna mfereji mwembamba utokao nyuma ya pua hata ndani ya sikio. Kwa mtoto mdogo ni mfupi tena umelala, hivyo vijidudu hupita upesi. Usaha hujaa ndani, mtoto hulia usiku akishika sikio, kisha kiwambo cha sikio hutoboka. Hapo maumivu hupungua, na mama husema, "Amepona." La, hajapona. Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu, na mtoto aweza kupungukiwa na kusikia.

Wengine hutia sikioni mafuta, maziwa ya mama au maji ya majani. Tusifanye hivyo. Tumpeleke zahanatini atazamwe. Ugonjwa ulioanza karibuni, mganga akiutolea dawa ya kumeza, na imalizwe yote, hata kama mtoto acheza tangu siku ya pili. Ule sugu hutibiwa kwa kukausha sikio na kutia matone, kwa kawaida muda wa wiki 2.

Kukausha ni kazi ya nyumbani. Twaeni kitambaa laini kilicho safi, mkisokote kama utambi, mkiingize polepole. Kikilowa, kitoeni, mtie kingine, hata sikio likauke. Ndipo yatiwe matone. Fanyeni hivyo mara 3 kila siku. Msichokoe kwa kijiti, wala msiache pamba sikioni, wala mtoto asiogelee. Na uvimbe wenye maumivu ukionekana nyuma ya sikio, msingoje kesho: mpelekeni hospitali mara moja.

Marko, katika sura ya 7, aeleza jinsi Bwana wetu alivyomtenga kiziwi na mkutano, akamponya faraghani. Nasi tufanye vivyo. Walimu, simameni nyuma ya kila mtoto mmwite jina kwa sauti ndogo. Asiyeitika, mpeni nafasi ya mbele, na wazazi wake wapate habari siku ile ile, ili aende kutibiwa.

Mungu awabariki watoto wetu, wapate kusikia.