Skrini za Umma: Ziongozwe kwa Waya, Zisimamiwe na Watu

Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi, mafundi na wananchi



Leo nazungumzia skrini zinazotundikwa hospitalini, sokoni, kwenye vituo vya magari na katika ofisi za kaunti. Skrini hizi hununuliwa kwa kodi yenu. Kazi yake ni kumwambia mgonjwa kuwa nambari yake imefika, kumjulisha mzazi siku ya mwisho ya kuomba basari, na kutoa tahadhari mvua inapozidi. Ikizimika, au ikibaki na tangazo la mwezi uliopita, kuna mwananchi anayekosa jambo lake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Skrini yenye giza haimsaidii.

Wengi wetu tumezoea rimoti. Nyumbani inatosha. Lakini rimoti ya kawaida hutumia mwanga usioonekana kwa macho, nao haupiti ukutani. Lazima mtu asimame mbele ya skrini. Skrini mbili za aina moja zikiwa jirani, ukibofya mara moja zote mbili hutii. Tena rimoti haiwezi kukujibu kama amri imefika.

Kwa sababu hiyo, skrini za kazi huwa na matundu ya kuziongoza kutoka nje, nyuma yake au ubavuni. Kuna aina tatu za kujua.

Ya kwanza huitwa RS-232C, na mara nyingi ina pini 9. Kanuni yake ilianza mwaka wa 1960 na toleo hili la C likatoka 1969, lakini bado linatumika kwa kuwa ni rahisi. Kompyuta hutuma amri fupi: washa, zima, badilisha chanzo cha picha, punguza sauti. Waya wake kwa kawaida usizidi mita 15 hivi. Pande zote mbili lazima ziwekwe kasi moja. Skrini nyingi huanza na biti 9600 kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, hakuna kitakachoeleweka. Kuna pia waya ulionyooka na waya uliopishana. Kwa macho zinafanana, kwa hivyo fundi asome kitabu cha maelezo kabla ya kununua.

Ya pili ni tundu la mtandao, kama lile la kompyuta za ofisini. Kipande kimoja cha waya wa shaba hufika mita 100, na kupitia mtandao wa kaunti afisa mmoja anaweza kuongoza skrini zilizo mbali na makao makuu.

Ya tatu ni tundu la swichi. Nyaya mbili zikigusana, skrini hufanya jambo moja lililopangwa, kwa mfano kuhamia kwenye picha ya tahadhari. Nyingi zinahitaji kufunga sakiti tu, kwa hivyo msiingize umeme wa nje humo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo huwapotosha wengi. Skrini ikijibu kwamba imewaka, imesema imewaka, basi. Haijasema kwamba tangazo linaonekana. Kifaa kinacholeta picha kinaweza kuwa kimekwama, au kioo kimepasuka, na jibu likaja vilevile. Ndiyo maana kila kituo kinahitaji mtu wa kuitazama skrini kwa macho kila asubuhi. Waya unapunguza safari za fundi, lakini kuitazama skrini ni kazi ya mtu.

Pili, skrini iliyochomolewa kwenye soketi haisikii amri yoyote. Anayefunga ofisi jioni asiing'oe. Iambiwe kwa waya ilale, kisha iamshwe asubuhi. Katika skrini nyingine, mpangilio wa kuokoa umeme huzima hata tundu la mtandao, kwa hivyo ukaguliwe. Jaribuni pia stima ikikatika na kurudi: je, skrini inawaka yenyewe au inabaki gizani?

Tatu ni usalama. Anayeshika waya ndiye anayesema na umma. Skrini iliyounganishwa na mtandao ikiwa bado na nenosiri la kiwandani, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuizima siku ya tahadhari. Badilisheni nenosiri, tengeni mtandao wa skrini na ule wa wageni, na muandike nani ana ruhusa. Kuingilia mifumo ya kompyuta bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018.

Wasimamizi, kabla ya kutia sahihi kwamba skrini imepokelewa, ombeni mambo manne: kitabu chenye orodha ya amri, waya unaofaa, jaribio la kuwasha, kuzima na kubadilisha picha mkiwa chumba kingine, na jaribio la kukata stima. Muuzaji akisema atakuja kuonyesha baadaye, nanyi mtie sahihi baadaye.

Wananchi, mkiona skrini imezima au ina tangazo lililopitwa na wakati, mwambieni msimamizi wa wadi au afisa wa kituo siku hiyohiyo. Taja mahali na saa. Na vituo visitegemee skrini peke yake: nambari ya foleni iitwe kwa sauti, kwa ajili ya asiyeona na asiyesoma, na tangazo la karatasi libaki ubaoni.

Skrini ni zenu. Ziulizieni.