Kumsomesha Mtoto Mmoja

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Walthamstow

Wazee wangu, ndugu zangu wake kwa waume, nanyi mtakaoyasoma haya Maskati, Mombasa na Toronto:

Nimeombwa kueleza namna ya kumsomesha mtoto mmoja peke yake, kwa sababu huu ni mwaka wa pili kila Jumamosi hukaa na mjukuu wa dada yangu katika maktaba ya High Street, hapa Walthamstow, karibu na soko. Sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Mwaka wa kwanza nilimpotezea.

Utumishi wa serikali, Zanzibar na baadaye hapa London, ulinizoesha mafaili. Basi nilikuwa nikija na karatasi zangu, nikihutubu saa nzima, naye akiitikia "Ndiyo, Babu." Katika mtihani wa hesabu wa GCSE, ambao tangu 2017 hupimwa kwa madaraja ya 9 hadi 1, alipata 3. Aliye chini ya 4 hutakiwa aendelee na somo hilo hata akiisha kuvuka miaka 16, na kozi nyingi humfungia mlango. Aliponionyesha matokeo hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Usiku ule nilikikumbuka chuo chetu cha Kurani. Kelele ilikuwa ya watoto wote, lakini mwalimu alimwita kila mmoja kwa zamu yake. Mwenye alifu alisoma alifu, mwenye Amma alisoma Amma; na ambaye hakuijua ya jana hakupewa ya leo. Bakora siisifu. Nalisifu sikio la yule mwalimu.

Tangu hapo saa yetu nimeigeuza. Dakika 10 za mwanzo kitabu hakifunguliwi. Hunieleza alichokumbuka cha wiki iliyopita. Kisha humpa hesabu moja, nami nikanyamaza, kazi ambayo kwa mzee ni nzito kuliko kupanda ngazi. Siku moja aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Zamani ningeifuta mwenyewe. Safari hii nilimwuliza: ukila nusu ya chapati, kisha ukaongeza theluthi, umekula zaidi ya nusu au pungufu? "Zaidi." Na 2/5 je? Aliitazama muda mrefu, kisha akaikata kwa mkono wake. Tukachora chapati ya vipande 6: nusu ni vipande 3, theluthi ni 2, jumla 5/6. Kumbe miaka yote alikuwa akijumlisha asili kwa asili, na mimi nikimfundisha aljebra juu ya msingi huo! Siku ile hatukugusa jambo jingine.

Dakika 10 za mwisho yeye ndiye mwalimu, nami husingizia ujinga (pengine sihitaji kusingizia). Halafu huandika daftarini mistari miwili: alipokwama, na tutakapoanzia. Mistari hiyo ndiyo mpango wa wiki ijayo. Saa moja yatosha, na simu zikae mfukoni, yangu pia.

Mei anarudia mtihani. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tunaanza asilimia. Meza ya pili ya maktaba ina nafasi. Mwenye kijana wa kukaliwa, na mwenye saa moja ya kumkalia, anione kabla ya chakula.