Mashanza na Kefir: Pua Kabla ya Ulimi
Mfugaji wa Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, anayepima mashanza, yaani maziwa yaliyochachuka, huanza na pua. Uchachu safi unakubalika. Harufu ya ukungu haikubaliki.

Kefir ya dukani, maziwa chachu yenye asili ya milima ya Kaukazi, hupimwa vivyo hivyo, ila ndani yake bakteria huishi pamoja na hamira. Ndiyo maana povu dogo na mchomo hafifu ulimini si kasoro. Chupa iliyovimba, hiyo ni habari nyingine. Maji ya njano juu? Hutikiswa tu.

Kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, hudai vijidudu hai visivyopungua milioni 10 kwa kila gramu ya kefir, na vijidudu hai haviachi kufanya kazi ndani ya chupa. Kwa mnunuzi wa Pinga, mkoani humo humo Kivu Kaskazini, basi, tarehe ya kwenye kifuniko haitoshi: chupa iliyosafiri juani huendelea kuchachuka njiani.