Usiseme Huna Uzoefu

Yafuatayo ni mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa vijana waliomaliza masomo ya sekondari na ya ufundi, katika semina iliyofanyika Shinyanga.

 

 Nimeombwa niseme juu ya kutafuta kazi. Sitakuwa na maneno mengi, maana najua wapo waliotoka Geita na Kahama kwa basi la alfajiri na chai bado haijafika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Usaili wangu wa kwanza baada ya chuo ulikuwa katika mradi mmoja wa wakulima. Kwenye barua ya maombi nilikuwa nimeandika kwamba kompyuta naijua vizuri. Ukweli ni kwamba nilijua kuchapa barua tu. Mwenyekiti wa jopo akanionyesha kompyuta iliyokuwa mezani, akasema, "Tafadhali tujumlishie orodha hii ya malipo." Nikaitazama ile orodha, ikanitazama. Mwisho nikatoa kalamu mfukoni nikaanza kujumlisha kwenye karatasi. Mama mmoja katika jopo akainamisha kichwa ili nisimwone akicheka.

Kazi sikupata, na nilistahili kuikosa. Lakini kilichoniuma nilikigundua nikiwa njiani kurudi nyumbani. Mradi ule ulitaka mtu anayewafahamu wakulima wa pamba. Mimi nimelelewa na pamba. Nimepalilia, nimevuna, nimebeba marobota hadi chama cha ushirika, na nimemsaidia baba kutunza stakabadhi zake miaka yote ya sekondari. Katika chumba kile sikutamka neno pamba hata mara moja. Niliona aibu kusema kazi ya nyumbani mbele ya wasomi. Nilificha nilichokuwa nacho, nikajisifu kwa nisichokuwa nacho.

Siku hizi nakaa upande wa pili wa meza, Dayosisi inapoajiri watumishi wa miradi. Naona kosa lile lile. Kijana anaulizwa, "Una uzoefu gani?" Anajibu, "Sina." Tukimdadisi taratibu tunagundua kwamba amekaa miaka miwili kwenye karasha la mjomba wake kule Nyarugusu. Amebadilisha mikanda, amefungua pampu usiku wa manane maji yalipojaa kwenye duara, amelinda mafuta ya jenereta yasiibwe. Huyo naye anasema hana uzoefu! Binti mwingine alikuwa akimsaidia mama yake kuwapikia wachimbaji. Alitunza daftari la madeni la watu wapatao arobaini, na mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa sawa. Alipoulizwa juu ya utunzaji wa hesabu akajibu kwamba hajawahi.

Ndugu zangu, uzoefu si lazima uwe na barua yenye muhuri. Ila lazima useme kwa namna inayoeleweka. Sema ulifanya nini, kwa kifaa gani, kwa muda gani, na matokeo yalikuwa nini. Usiseme, "Mimi ni mchapakazi." Kila mtu anasema hivyo, hata mvivu. Sema, "Kwa miaka miwili nilitunza pampu mbili za maji. Zilipoharibika nilizifungua na kubadilisha vipuri, na kazi haikusimama zaidi ya siku moja." Hapo jopo litaacha kuangalia saa. Na wakikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui, kisha eleza lililo karibu nalo unalolijua. Mtu anayekubali mpaka wa ujuzi wake huaminiwa kwa yale anayosema anayajua.

Katika Biblia yupo Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Someni sura ya pili ya kitabu chake nyumbani. Mfalme anamwuliza anataka nini. Nehemia anamwomba Mungu moyoni, kisha anajibu kwa mpango. Anataja muda atakaokaa safarini. Anaomba barua kwa watawala wa njiani na barua kwa mtunza msitu ili apewe miti. Maombi yalikuwepo, na maandalizi yalikuwepo. Wengi wetu tunaleta kwenye usaili maombi peke yake. Tumefunga siku tatu, lakini hatukuuliza mwajiri anafanya kazi gani.

Sasa niseme jambo linalowahusu hasa wanaoelekea migodini na kwa makandarasi wake. Wanaopenda kazi hizo wajiandae kwa swali la usalama. Swali linaweza kuwa hivi: "Msimamizi wako amekuamuru uingie mahali ambapo wewe unaona mwamba umepasuka. Utafanya nini?" Vijana wetu wengi hujibu, "Nitatii." Najua jibu hilo linatoka wapi. Nyumbani kwetu mtoto mwema habishani na mkubwa. Mzee akisema nenda, unakwenda. Malezi hayo ni mema na sitaki myatupe. Lakini mwamba haumheshimu mzee. Jibu sahihi ni kwamba utakataa kuingia, utamweleza msimamizi kwa adabu ulichokiona, utawazuia wenzako, na utatoa taarifa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi naye atunze usalama wake na wa wenzake. Basi jifunzeni kukataa kwa heshima: "Samahani mkuu, pale juu pamepasuka. Naomba pakaguliwe kwanza." Sentensi hiyo inaweza kukupa kazi, na siku moja inaweza kukurudisha nyumbani ukiwa hai.

Na kwa kuwa nimetaja machimbo, niseme na wazazi pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Uzoefu ninaousifu hapa si ruhusa ya kumtoa mtoto shuleni akashike zebaki mwaloni.

Jambo jingine ni vyeti na pesa. Hili nalisema kwa uchungu. Mzazi mmoja alikuja ofisini kwangu akiwa ameuza ng'ombe wawili. Kijana wake aliambiwa kuna mtu anayefahamiana na wakubwa wa ajira, na akipewa pesa jina litaingia kwenye orodha. Pesa ilitolewa, simu ikazimwa. Yule mzee hakutaka nimpe pesa. Alitaka tu mtu wa kumwambia kwamba hakuwa mjinga. Nilikosa la kusema, nikamtengenezea chai. Vijana, mwajiri wa kweli hakutozi pesa ili akuajiri. Anayeomba hela ya fomu, hela ya vipimo au hela ya soda ya bosi kupitia simu, huyo ni mwizi au mla rushwa, na wote wawili hawana kazi ya kukupa kwa haki.

Vyeti vya kughushi navyo vina mwisho wake. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wamejenga, wanasomesha. Siku moja yote yakaanguka. Nyumba ya namna hiyo hukaliwa kwa hofu hata kabla haijaanguka.

Mwisho, niseme juu ya kazi itakayokufaa maisha yote. Katika ukanda wetu huu, mtu akipata kazi mgodini tunapiga vigelegele kana kwamba amefika mbinguni. Tushangilie, lakini tukumbuke kwamba mgodi una mwisho. Buzwagi pale Kahama ilianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukafikia mwisho. Hata miaka kumi na mitano haikufika. Bulyanhulu ilianza mwaka 2001. Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, mgodi ule ulipunguza shughuli zake na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira kabla kazi haijarejea miaka ya baadaye. Mgodi wa Geita nao ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, na sasa unachimba chini ya ardhi pia. Hata mgodi unaobaki haubaki na kazi zile zile.

Kwa hiyo usitafute mgodi tu, tafuta ufundi. Fundi umeme, mchomeleaji, fundi wa mitambo, mhasibu na muuguzi wanaweza kuondoka na ujuzi wao mgodi ukifungwa. Ukiajiriwa, dai maelezo ya kazi yako kwa maandishi, maana sheria ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe. Hakikisha michango yako inafika NSSF. Kila unapojifunza kifaa kipya, omba barua au cheti kinachoonyesha hivyo. Na usibadilishe mshahara wote kuwa pikipiki na bia.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuheshimu jambo hili. Baba yake Martin Luther, mzee Hans, alikuwa mtu wa migodi. Alishughulika na kuchimba na kuyeyusha shaba katika mji wa Mansfeld, Ujerumani, na kwa jasho hilo akamsomesha mwanawe. Alitaka awe mwanasheria, lakini mwaka 1505 kijana akaingia utawani, na mzee akakasirika sana. Baadaye Luther alifundisha kwamba fundi viatu na mama anayelea mtoto wanamtumikia Mungu katika wito wao sawa na mchungaji. Kazi inayoridhisha ni ile ambayo jirani yako anapata faida nayo, na wewe unalala usingizi.

Ninawapa kazi ya nyumbani. Leo jioni chukueni daftari. Andikeni kila kazi mliyowahi kufanya tangu utoto: kuchunga, kuuza dengu sokoni, kutengeneza baiskeli, kuongoza kwaya, kutunza sadaka ya umoja wa vijana. Mbele ya kila moja andikeni ulifanya nini hasa na ilileta nini. Kesho asubuhi tutaketi wawili wawili, mmoja amhoji mwenzake, na tutasaidiana kuandika wasifu. Atakayesema hana uzoefu, nitamwomba aniletee daftari lake nilisome mwenyewe.

  Nafikiri chai imefika.