Arubuni na Mapatano ya Harusi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Buyenzi, Bujumbura, siku ya kumbukumbu ya jumuiya)

  

 Wakubwa wa jumuiya wamenitaka niseme juu ya gharama za harusi. Juu ya israfu mmekwisha sikia mengi katika hotuba za Ijumaa, na kila mmoja wetu anajua kwamba Suratul Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Sitayarudia hayo. Nitasema juu ya jambo lisilosemwa sana, nalo ndilo linaloleta watu barazani kwangu wakiwa wamekasirikiana: fedha inayotolewa kabla ya siku yenyewe, na maneno yanayopatanwa, au yasiyopatanwa, na mwenye ukumbi, mpishi, mwenye mahema, mpambaji na mpiga picha.

Kwanza tukumbuke kipimo. Bwana Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Zaynab bint Jahsh alichinja mbuzi mmoja, na Sayyidna Anas amesimulia kuwa hakupata kumwona akifanya karamu ya walima kubwa kuliko hiyo. Alipomwoa Bibi Safiyya, katika kurudi kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, watu walilishwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa; mkate haukuwapo wala nyama. Na kwa mmoja katika wakeze karamu ilikuwa vibaba viwili vya shayiri. Najua mtasema kuwa hayo yalikuwa zamani. Sawa, lakini hukumu haikugeuka: kwa wanavyuoni walio wengi walima ni suna, na suna haimlazimishi mtu kukopa. Kadhalika mahari si fungu la kulipia pilau. Mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe kwa aya ya 4 ya Suratun Nisaa, na baba anayeichukua akampa mwenye mahema bila ya ridhaa ya binti yake amekula haki ya mtu.

Sasa nije kwenye michango. Kamati hukaa, majina huandikwa, na kila mtu hutaja atakachotoa. Jumla ikisomwa, watu hufurahi, na asubuhi yake mwenye harusi huenda kutia saini ukumbi kwa kuitegemea jumla ile. Hapo ndipo kisima kinapochimbwa. Ahadi si fedha. Mwenye kuahidi anaweza kuugua au kufukuzwa kazi, na wengine, Mungu atusamehe, walitaja kwa sababu jirani zao walitaja. Basi mapatano yafanywe kwa fedha iliyokwisha kufika mkononi, na ikizidi baadaye, yaongezwe. Na mjue ya kuwa wanavyuoni wetu wamekhitalifiana juu ya fedha hizi za harusi, wazitazo nuqut: wako waliosema ni hiba, na wako waliosema ni karadha inayodaiwa. Mwenye kutoa aseme wazi ametoa kwa nia gani, ili miaka mitano baadaye watoto wasije wakadaiana kwa daftari la mzee aliyekwisha kufa.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo imeagiza kuandika deni na muda wake na kuweka mashahidi. Pia imeamrisha kuwa, mdaiwa akiwa hawezi kusema maneno ya mkataba mwenyewe, aseme msimamizi wake kwa uadilifu. Nataka mlishike hili, maana karatasi nyingi za kumbi huandikwa Kifaransa, na mzee wetu aliyesoma chuoni tu hutia kidole pasipo kujua ametia juu ya nini. Na apelike mtu wa kumsomea.

Na kiandikwe nini? Mpishi aandike kilo za mchele na idadi ya mbuzi, si “chakula cha kutosha”, maana kutosha hakuna mizani. Kilo moja ya mchele hulisha watu wanane hata kumi. Basi watu 300 ni kilo 30 hata 40, na anayekuandikia 70 muulize wageni wengine ni wa nani. Aandike kadhalika kama atapika mwenyewe au atatuma vijana wake, kwani wako wapishi wenye jina wanaopokea harusi tatu kwa Jumamosi moja. Ukumbi uandikwe saa ya kuingia na ya kutoka, nani atatia mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na kiti kikivunjika nani atalipa.

Tufike kwenye arubuni yenyewe. Neno hili tumelitwaa kwa Waarabu, na hukumu yake ina mzozo wa zamani. Imamu Abu Hanifa, Imamu Malik na Imamu wetu Shafi wamekataza biashara ambayo mnunuzi hutanguliza fedha kwa sharti kwamba akighairi ipotee. Imamu Ahmad bin Hanbal ameiruhusu, na hoja yake ni ile nyumba ya Makka aliyonunuliwa Sayyidna Umar kwa Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti kuwa Umar asiporidhia, Safwan apate 400. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Ulimwengu lilikutana Brunei likaijuzisha, pamoja na katika kukodi, kwa sharti kuwa muda wa kungoja uwe na mpaka. Ikiwa mapatano yametimia, arubuni huhesabiwa katika bei. Mimi sioni vibaya kuifuata kauli hiyo, maana mwenye ukumbi anayekufungia siku yako huwakataa wengine, naye ana haki. Walakini haki hiyo ni pale mkodishaji alipoghairi kwa hiari yake. Mwenye ukumbi akivunja yeye, arubuni inarudi yote.

Je, akifa mtu? Mwaka uliopita baba wa bibi harusi alifariki siku tatu kabla ya karamu, na mpishi akakataa kurudisha hata senti. Kwa madhehebu yetu, ujira hauvunjiki kwa udhuru wa mkodishaji. Lakini Wahanafi wanao mfano huu huu: Imamu Marghinani, aliyefariki mwaka 1197, ameandika katika Hidaya kuwa mtu akimkodi mpishi wa walima, kisha mke akajivua katika ndoa, mapatano huvunjika. Tulisuluhisha kwa mpishi kubaki na thamani ya viungo na mkaa aliokwisha kununua, na iliyobaki akairudisha. Sulhu ile ilituchukua wiki sita, na matanga yalikuwa yamechanganyika na matusi. Mstari mmoja ungaliepusha yote: kukitokea msiba au ugonjwa, siku itasogezwa, au arubuni itarudi baada ya kutolewa gharama zilizothibiti.

Mstari huo tumeuandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na nakala zake ziko kwa katibu wa jumuiya. Mwenye karatasi anayotaka isomwe kabla ya kutia saini, na ailete msikitini baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.