Usafi wa Mahali pa Kazi na Amana ya Mwenye Kuajiri

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mlio hapa na mnaotusikiliza majumbani, leo twataka kuusiana juu ya jambo linalodharauliwa. Damu, matapishi au choo vinapomwagika mahali pa kazi, ni nani huitwa avisafishe, naye huitwa akiwa na nini mkononi?

Hapa Talatala na Kyela yote twayaona haya. Kijana hukatwa kidole kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mtoto hutapika darasani. Mgonjwa wa kuhara hufikishwa zahanati. Hapo huitwa mfagizi, ambaye aghalabu mshahara wake ndio mdogo kuliko wote, akapewa ndoo na tambara, akaambiwa afanye haraka.

Twakijua kisa cha bedui aliyekojoa msikitini. Sahaba walipotaka kumkaripia, Mtume aliwazuia, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Kisa hiki kina upole, tena kina utaratibu. Lakini tusidhani kwamba palipotoharika kwa sala pamekwisha kuwa salama kwa mwili. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka. Kipindupindu, kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kisha kikaenea mikoa mingi, hubebwa na choo na matapishi. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafa. Na miongoni mwa waliougua walikuwamo watumishi wa afya.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza watu wasogezwe. Msafishaji avae glavu za mpira, viatu vya kufunika miguu na aproni. Vipande vya chupa viokotwe kwa koleo, wala si kwa vidole. Kilichomwagika kifunikwe kwa kitambaa au karatasi, kisha kimiminiwe dawa ya klorini: kipimo 1 cha jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa vipimo 6 vya maji, ichanganywe siku ile ile. Isichanganywe na dawa nyingine ya usafi, kwani yaweza kutoa mvuke wenye sumu. Ingojewe dakika 10, ndipo uchafu ukusanywe na kutiwa mfukoni, na mahali pale paoshwe kwa sabuni na maji. Mwisho glavu zivuliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Na kwa kuwa nchi yetu ni tambarare, na maji ya ardhini yako karibu, shimo la taka hizo liwe mbali na kisima.

Ndugu zetu, utaratibu huu hauna faida iwapo glavu zimefungiwa kabatini na ufunguo umo mfukoni mwa mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imemwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Nasi twasema: hata pasingekuwa na sheria hiyo, yampasa Mwislamu asimtume mwenziwe kushika kile ambacho yeye mwenyewe asingethubutu kukishika mikono mitupu. Tena chanjo ya homa ya ini B ipo. Mfagizi na aelekezwe kuipata kabla ya kuitwa kwenye damu.

Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye mashine, mwalimu mkuu na mwenye duka wajiulize leo, kabla hatujatawanyika: glavu zi wapi, na dawa i wapi?

Ewe Mola wetu, walinde wanaotusafishia njia zetu, na utujaalie kutimiza amana zetu. Amin.